Kobe Hakuvishwa Gamba

Wapo wahubiri wanaompenda sana kobe. Humpandisha jukwaani kama shahidi. Tazameni, wanasema, Mungu alimfinyanga kobe kwa udongo, kisha akachukua nyumba iliyokwisha kujengwa, akamvisha mgongoni, ikakaa. Nani basi awezaye kusema kwamba viumbe hutokea kidogo kidogo? Asemaye hivyo, wanamalizia, amemkana Muumba, na mwalimu wa baiolojia ni wakala wa yule mwovu. Watu hushangilia, kinanda hupigwa, sadaka hukusanywa.

Hubiri la namna hiyo lilihubiriwa hapa Zirai katika mkutano wa hadhara. Hatutaji dhehebu wala jina, kwa sababu, tukisema kweli, tumewahi kulisikia katika mimbari zetu wenyewe za Kilutheri, na aliyelisema alikuwa amevaa kola kama sisi. Siku chache baadaye vijana wa kipaimara walituletea gamba tupu la kobe. Walikuwa wamelikuta bondeni, chini ya mashamba ya iliki. Binti mmoja wa darasa la saba akauliza, bila utani hata kidogo: “Baba Mchungaji, kama alivishwa, mbona havuliki?”

Tuliligeuza lile gamba juu chini mezani. Wadudu walikuwa wamelisafisha kuliko tunavyosafisha masufuria yetu. Kwa nje lina vigae vya rangi ya kahawia. Hivyo ni vya jamii ya kucha na pembe. Kwa ndani ni jengo. Katikati, tangu shingoni hadi mkiani, umepita uti wa mgongo, umeshikamana na dari kama mwamba wa paa. Kutoka kwenye mwamba huo zimetoka mbavu, huku na huku, kama makombamoyo ya nyumba za wazee wetu kabla ya mabati kuja, na nafasi kati ya ubavu na ubavu imezibwa kwa mfupa. Nyumba ya kobe, basi, ni mbavu zake na mgongo wake. Ukitaka kumvua utamng'oa uti wa mgongo.

Kisha tuliwaambia vijana wajipapase bega kwa nyuma. Ule mfupa bapa wa bega unateleza juu ya mbavu, nje yake. Ndivyo ilivyo kwa mbuzi, kwa kuku na kwa popo. Kwa kobe mfupa wa bega umo ndani ya mbavu. Katika wanyama wote wenye uti wa mgongo walio hai leo, kobe wa nchi kavu na ndugu zao wa majini peke yao wako hivyo. Hapo darasa lilinyamaza. Kipindi kilikuwa cha Amri ya Nane, na tunakiri hatukuimaliza siku ile.

Namna jambo hili linavyotokea inajulikana, kwa kuwa wako watu waliofungua mayai siku baada ya siku wakatazama. Kazi mojawapo iliyofafanua mambo mengi ilifanyika Japani, kwa mayai ya kobe wa majini wa China mwenye gamba laini, ikatangazwa mwaka 2009. Maabara yenyewe ilikuwa katika mji ambao, msicheke, unaitwa Kobe.

Mwanzoni kiinitete cha kobe hakina dalili yoyote ya gamba. Ukikiweka kando ya cha kuku, mtu asiyezoea hawezi kuvitofautisha. Pande mbili za mahali utakapokuwa uti wa mgongo hujipanga vibonge vidogo laini, jozi kwa jozi, kama punje za muhindi kwenye gunzi. Kila kibonge hugawanyika: sehemu moja huwa pingili za mgongo na mbavu, sehemu nyingine huwa misuli, nyingine ngozi ya mgongoni. Vibonge vya namna hiyohiyo tulikuwa navyo sisi sote tumboni mwa mama zetu, katika majuma yale ambayo wengi wao walikuwa bado hawajajua kwamba ni wajawazito.

Baadaye, ubavuni mwa kiinitete cha kobe, huinuka ukingo mdogo kama upindo wa nguo, tangu karibu na mkono hadi karibu na mguu. Kuku hana ukingo huo. Mbavu zetu sisi hushuka na kuzunguka kifua hadi kidarini. Mbavu za kobe hazishuki. Hubaki juu, hutawanyika kama upepeo kuelekea kwenye ule ukingo, na ukuta wa mwili hujikunja kwa ndani kuufuata, kama mama akunjavyo pindo la kanga. Mbavu zinapotanuka kwenda mbele hupita juu ya bega na kulifunika. Hivyo ndivyo bega linavyojikuta ndani.

Misuli nayo hulazimika kujipanga upya. Mingine hubaki imeshika mahali pake pa zamani, ila hukunjwa pamoja na ukuta wa mwili. Mingine huacha mahali ambapo ingeshika kwa kuku na kutafuta mfupa mwingine wa kushika. Misuli ya katikati ya mbavu, ile inayotuinulia kifua tunapovuta pumzi, haiendelei. Hufifia na kutoweka, maana katika paa lisilotikisika ingefanya kazi gani? Ndiyo maana kobe hapumui kama sisi. Hupumua kwa misuli ya tumboni, inayovuta na kusukuma mapafu kutoka chini na pembeni. Mwisho kabisa mfupa huenea kutoka kwenye mbavu chini ya ngozi, ukiziba nafasi polepole, na kazi hiyo haimaliziki ndani ya yai. Mtoto wa kobe akitotolewa, gamba lake bado ni laini.

Lile gamba la vijana wetu lilikuwa na bawaba upande wa nyuma. Ni la aina ya kobe wanaoweza kushusha sehemu ya nyuma ya gamba wafunge mlango adui anapokuja. Watoto wa aina hiyo hutotolewa bila bawaba. Huipata wakiwa wanakua. Na nchini mwetu, katika miamba ya nyanda kavu, yuko kobe bapa kama chapati ambaye nafasi kati ya mifupa ya gamba lake hazizibi kabisa hata uzeeni, kama utosi wa mtoto mchanga usiofunga. Kwa ulegevu huo hujipenyeza katika nyufa za mawe ambamo kobe mwingine asingeingia. Watu wamewakamata na kuwauza nje kwa wafugaji wa wanyama hata mwaka 2019 biashara hiyo ikapigwa marufuku kwa mapatano ya mataifa. Mhubiri wetu wa mkutano hakumtaja kobe huyu. Pengine kwa sababu huyu haonekani kuvishwa nyumba iliyokamilika.

Sasa tufike kwenye ugomvi wetu. Wanaosema “Mungu aliumba” kana kwamba maneno hayo maana yake ni “haikukua” wamekosea Katekisimo kabla hawajakosea baiolojia. Kila Mlutheri aliyepata kipaimara alikariri maelezo ya Luther juu ya sehemu ya kwanza ya Imani. Pale Luther anakiri kwamba Mungu amemuumba yeye mwenyewe, mwili na roho, macho, masikio na viungo vyote. Je, Luther alikuwa amesahau kwamba alizaliwa na Margarethe, mke wa Hans, mchimba madini? Alijua vizuri kabisa. Alijua alikaa tumboni miezi tisa kama kila mtu, naye hakuona kwamba ile miezi tisa inampunguzia Mungu kazi. Mtunga Zaburi ya 139 naye anamsifu Mungu kwa jinsi alivyofumwa sirini tumboni mwa mama yake. Ayubu, katika sura ya 10, anazungumza juu ya maziwa yanayogandishwa, ngozi na nyama vinavyovikwa, mifupa na mishipa inayounganishwa. Wote wawili wanataja kazi inayokwenda kwa hatua. Aliyewahi kusuka ukili au kugandisha maziwa anajua kwamba hatua hizo hazirukwi.

Ikiwa basi tunakiri kila Jumapili kwamba Mungu ametuumba sisi tuliokua kutoka vibonge vya punje za muhindi, kwa nini tutetemeke tukiambiwa kobe naye amekua hivyo?

Tutajibiwa: yai moja si neno, shida ni hayo mamilioni ya miaka. Haya, tuyaseme. Mwaka 2008 yalitangazwa mabaki ya mnyama aliyechimbuliwa Guizhou, kusini-magharibi mwa China, katika mwamba wenye umri wa miaka ipatayo milioni 220. Walimpa jina Odontochelys, yaani kobe mwenye meno. Tumboni alikuwa na gamba kamili. Mgongoni alikuwa na mbavu zilizopanuka tu, bila paa. Katika viinitete vya kobe wa leo pia mifupa ya gamba la tumboni hutangulia, na paa la mgongoni huja baadaye. Afrika Kusini wamepatikana wanyama wa kale zaidi, wa miaka kama milioni 260, wenye mbavu pana na wasio na gamba lolote. Sisi hatuoni namna ya kuwatazama hawa wote kwa uaminifu na kusema kwamba nyumba ilishushwa ikiwa tayari.

Luther mwenyewe alizichukua siku sita za Mwanzo kuwa siku sita, hatumfichi. Hakuwa ameona mifupa ya Guizhou. Lakini zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, Mwafrika mwenzetu Agostino, askofu wa Hippo, mji ulio leo katika Algeria, aliandika kitabu kirefu juu ya Mwanzo. Alifundisha kwamba Mungu aliweka katika uumbaji vitu kama mbegu, ambavyo hufunuka kwa wakati wake. Naye aliwakemea vikali Wakristo wanaosema upuuzi juu ya mambo ya asili mbele ya wasioamini wanaoyajua mambo hayo, kisha wanashangaa watu hao hawawaamini wanapohubiri ufufuo. Agostino alifariki mwaka 430. Onyo lake halijazeeka. Katika milima yetu hii, pale Amani, watu wamekuwa wakichunguza mimea na viumbe tangu Wajerumani walipofungua taasisi yao mwaka 1902, na vijana wetu wengine hupata ajira huko wakiongoza wageni msituni. Kijana huyo anaona kwa macho yake, Jumatatu hadi Ijumaa, tunayomwambia Jumapili kuwa hayapo. Tunafikiri atatuamini kwa muda gani?

Wapo pia wa upande wa pili, nao hatuwapiti kimya. Ni vijana waliorudi kutoka vyuoni na maneno mawili matatu, wanaosema kwamba kwa kuwa sasa tunajua mbavu zinakwendaje, Mungu hana kazi tena. Hawa ni ndugu pacha wa yule mhubiri, ingawa hawapendi kuambiwa. Wote wanadhani kazi ya Mungu ni kuziba mahali ambapo hatujui. Mhubiri anataka mahali hapo pabaki gizani, kijana amewasha taa na kusema hamna mtu. Sisi tunasema Mungu alikuwa katika kazi yote, penye giza na penye mwanga.

Wengine watauliza mchungaji ana haja gani ya kugombea mifupa ya kobe wakati barabara ni mbovu na bei ya iliki imeanguka. Tuna sababu.

Yuko mama katika eneo letu aliyejifungua mtoto mwenye mguu kifundo, nyayo zote mbili zimepinda kuelekea ndani. Jambo hili si la ajabu; hutokea kwa mtoto mmoja au wawili katika kila elfu, duniani kote. Mama alipelekwa kwenye mkesha wa maombi. Akaambiwa kwamba Mungu huumba vitu vikamilifu kwa neno moja, hivyo miguu ile haikutoka kwa Mungu. Ni kifungo cha ukoo, lazima kivunjwe. Angalieni jinsi hubiri la kobe lilivyozaa. Ukifundisha kwamba Mungu huumba kwa kufumba na kufumbua tu, na kila kitu hutoka kikiwa kamili, basi mtoto mwenye mguu uliopinda hana mahali katika uumbaji. Itabidi atafutiwe muumba mwingine, au mkosaji. Wanafunzi wa Yesu walitafuta mkosaji vilevile katika Yohana sura ya 9, na Bwana aliwakatalia.

Viungo vinahitaji kusogea ili viumbike sawa. Hili limeonekana kwa kuku: kiinitete ambacho misuli yake imelazwa kwa dawa isisogee, viungo vyake havifunguki vizuri, mifupa huungana mahali palipotakiwa pawe na bawaba. Misuli huunda mifupa, na mifupa huipa misuli njia. Kwa mguu kifundo chanzo mara nyingi hakipatikani hata na mabingwa, lakini tiba yake imesimama juu ya ujuzi uleule, kwamba mifupa na kano za mtoto mchanga bado ni laini na bado zinasikia mkono. Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Marekani, ndiye aliyeiweka njia hiyo. Mguu hunyooshwa polepole na kufungwa plasta ngumu, ile watu wanayoiita hogo. Kila juma inabadilishwa, mguu ukisogea kidogo. Majuma machache tu. Mara nyingi hukatwa kidogo kano ya kisigino, kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, mchana na usiku kwa miezi mitatu, halafu usiku tu kwa miaka kadhaa. Tiba hii inafanyika nchini; CCBRT ya Dar es Salaam inajulikana kwayo. Ila inafaa ianze katika majuma ya kwanza ya maisha.

Muda ndio unaotuuma. Pwani ya Pangani, kasa walikuwa wakitaga katika kisiwa cha Maziwe, kilichotengwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Kisiwa kimeliwa na bahari, limebaki fungu la mchanga, na mayai yanayotagwa pale hufunikwa na maji. Kwa hiyo wapo watu wanaoyahamishia Ushongo, bara. Yai la kasa hupaswa kuhamishwa katika saa chache za kwanza baada ya kutagwa, bila kugeuzwa. Ndani ya mwili wa mama kiinitete husimama kukua, hungoja. Yai likishatagwa, kazi huanza tena, na kiinitete hujishikiza juu, kwenye utando wa ndani wa ganda. Ukiligeuza yai baada ya hapo, umekiua. Wahamishaji hao wanaiheshimu saa ya Mungu kuliko sisi tunaoihubiri.

Mtoto wa mama yule alifikishwa kwa wataalamu akiwa na miaka saba. Miaka yote hiyo alikuwa akitembea kwa ubavu wa nyayo, ngozi ikawa ngumu kama kisigino. Hatuwezi kuwatupia mzigo wote watu wa mkesha. Mama yule alimleta kwetu pia, siku ya ubatizo, mtoto akiwa na umri wa mwezi mmoja, amefungwa vizuri ndani ya kanga. Tulimwagia maji kichwani, tukampa jina, tukaimba. Hatukumfunua tukaona miguu, wala mama hakuthubutu kutuonyesha, kwa maana alidhani nasi tutauliza ni dhambi ya nani. Na kwa yale tuliyokuwa tukihubiri, au tuliyonyamazia yakihubiriwa, alikuwa na haki kudhani hivyo.

Siku hizi katika mitaa yetu tunawaomba wazee wa kanisa na akina mama wa umoja wawatembelee wazazi kabla ya ubatizo, watazame mtoto mzima, nyayo, nyonga na uti wa mgongo, na wajue pa kumpeleka. Baadhi ya wazee walinung'unika kwamba hiyo ni kazi ya zahanati. Tuliwajibu kwamba ni sehemu ya kwanza ya Imani. Kwa umri wake yule mtoto matibabu ni marefu na magumu zaidi kuliko ambavyo yangekuwa. Tulipomwona mara ya mwisho alikuwa na hogo la nne, ameliandika jina lake kwa kalamu ya wino.

Mhubiri wa kobe tulimtumia salamu kwa mdomo na kwa barua, aje siku yoyote ya kipindi cha kipaimara alitazame gamba kwa ndani, atueleze mbele ya watoto lilivishwaje. Hajaja bado. Gamba liko sakristia, juu ya kabati la vitabu vya nyimbo.